Mkuu wa Mandhari

Mlangoni kwake alibandika karatasi iliyofunikwa plastiki, yenye maneno MKUU WA MANDHARI. Idara ya Mandhari ilikuwa na watu wawili, yeye na mimi, na chumba kilikuwa na mlango mmoja, kwa hiyo kila asubuhi na mimi nilipita kwenye cheo chake kwenda kukaa kwenye kiti changu. Tulimwita Mkuu. Mwanzoni tulimwita hivyo kwa heshima, baadaye kwa mazoea, na mwishoni kwa sauti ambayo mtu yeyote mwenye masikio angeitilia shaka. Yeye aliitika vilevile siku zote.

Nilifanya naye kazi miaka tisa, juu ya duka la vipuri vya pikipiki pale Nyakato, katika kampuni ndogo ya kutengeneza magemu ya kompyuta. Ukimwambia mtu wa Mwanza kwamba unatengeneza magemu, anafikiria mpira na bunduki. Hafikirii kwamba ule ukuta anaojificha nyuma yake kuna mtu aliujenga, na kwamba mtu huyohuyo aliweka lile dimbwi la maji, kamba ya nguo, ndoo iliyoegeshwa mlangoni, na kivuli cha ndoo. Hiyo ndiyo mandhari. Ukiifanya vizuri hakuna anayeiona; mchezaji anapita tu kama anavyopita mtaani kwao. Ukiifanya vibaya anasimama na kusema, aah, hapa pamechorwa.

Mkuu aliieleza kazi hii vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Nampa hilo mapema, kwa sababu sitampa mengi. Wakija wageni, iwe wanafunzi wa chuo au wazazi waliotaka kuhakikisha kwamba mtoto wao ameajiriwa kweli, alisimama katikati ya chumba na kukunjua mikono yake myembamba. "Mungu alijipa siku sita," alisema. "Sisi mteja katupa miezi minne. Na Mungu hakuwa na mteja." Wageni walicheka. Mimi nilikuwa nimeusikia mzaha huo mara nyingi mno, hata niliweza kukitua kikombe changu cha chai mezani sawasawa na neno la mwisho.

Neno lake kubwa lilikuwa kuchosha. "Mahali hapaaminiki mpaka paonekane pamechoka," alisema, na kutokana na hapo akaamini kwamba kila kitu duniani kinahitaji kuchoshwa. Nilikuwa nikimaliza kujenga nyumba, naye anasimama nyuma ya kiti changu akinuka sabuni. "Nzuri. Sasa ichoshe." Maana yake ni kwamba niongeze nyufa, kutu, ukoko wa tope hadi dirishani, na bati moja lililong'oka. Tulichosha shule. Tulichosha stendi za mabasi. Siku moja tulipewa kazi ya kutengeneza ofisi ya kisasa yenye vioo, mteja akaandika wazi kwamba jengo ni jipya, limezinduliwa wiki hiyo. Mkuu alisoma maelezo yale mara mbili, akafikiri, akachosha zulia.

Mwenyewe hakutaka kuguswa na vumbi. Suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Alibeba leso mbili, moja ya jasho na moja ya kufutia viti, na hakuwahi kuzichanganya. Kwake, kule Kiseke, nilifika mara moja kupeleka kompyuta, nikavulishwa viatu nje ya geti. Ndani marumaru iling'aa hadi nikaona aibu ya soksi zangu. Mtu ambaye kazini alikuwa akinifokea kwamba ukuta wangu ni msafi mno, kwake alikuwa ameweka kitambaa kidogo chini ya kila chungu cha maua ili maji yasiache alama.

Alikuwa hali samaki. Nilichukua muda kuamini hilo. Mtu anakaa Mwanza miaka yote hiyo, na mchana anateremka kununua chipsi mayai kwa sababu samaki ana miba. Sato na sangara aliwaita jina moja, "yule samaki wenu". Alitoka Dar es Salaam, na alituongelea sisi watu wa ziwa kama mtu anayeeleza wapangaji wasumbufu. Masanja, kijana mwenzangu aliyeandika programu chumba cha pili, aliwahi kumsahihisha kwamba kile alichokichora ufukweni ni mtumbwi wa baharini, ziwani hakipo. Mkuu akamwambia, "Maji ni maji."

Nilimshawishi mara moja twende mwaloni Kirumba, akaone jinsi watu wanavyoshusha samaki, maana mteja alikuwa ametaka soko la samaki. Alikuja na boksi. Nilidhani ni la vifaa. Tulipofika alilichana, akaliweka chini, akasimama juu yake. Kutoka kwenye kipande kile cha boksi alipiga picha robo saa nzima, na kila alichokipiga picha kilikuwa kimevunjika: wavu uliochanika, kreti lenye ubao mmoja, ndoo iliyopasuka. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alimtazama weee, halafu akamsogelea.

"Baba, mbona unapiga hiyo ndoo mbovu? Hii nzima huioni?"

"Mama, hiyo nzima haina hadithi," Mkuu alijibu.

Yule mama akainama akaitazama ndoo yake. "Ina maji," alisema.

Wenzake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mkuu hakuelewa kilichochekesha. Njiani aliniambia kwamba watu wa mwaloni hawana utulivu.

Lakini kosa la kumdharau Mkuu moja kwa moja ni kwamba kazi aliijua. Daktari mmoja wa hapahapa mjini alitaka gemu la kufundishia wauguzi wapya, lenye zahanati ndani yake, na kwa kuwa daktari huyu angekuja kukagua kwa macho yake, Mkuu alifanya kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya kabla wala baada. Alinichukua tukakae kwenye benchi la zahanati asubuhi nzima. Alitandika leso, akakaa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usiangalie ukuta. Angalia mikono."

Nikaangalia mikono. Kila mgonjwa aliyefika dirisha la dawa aliegemea mahali palepale, kiganja cha kushoto, na pale rangi ilikuwa imeliwa na kubaki doa la mafuta. Kina mama waliobeba watoto waliupiga mlango kwa goti, na mlango ulikuwa na alama usawa wa goti. Chini ya benchi, sakafu ilikuwa na vishimo viwili vya visigino kwa kila mtu anayekaa. Lakini juu ya doa, juu ya goti, pembeni ya visigino, kulikuwa safi kabisa.

"Umeona?" aliniuliza. "Mahali panachakaa pale mwili unapofika. Kwingine hapachakai. Watu wanafagia, Kabula. Watu wanapiga deki."

Aliyasema hayo kwa mdomo wake. Tulijenga zahanati ile hivyo, na daktari alipokuja, akamwongoza yule muuguzi wa kwenye skrini hadi dirisha la dawa, nilimwona ameinua kiganja chake cha kushoto kidogo, mwenyewe hajui, kama anayetaka kuegemea. Mkuu pia aliona. Aligeuka akaangalia dirishani nje, kwenye pikipiki, na kwa dakika moja uso wake ulikuwa wa mtu ninayeweza kumpenda.

Wiki iliyofuata alinirudisha kwenye nyufa na kutu. Nilimuuliza kwa nini tusifanye kama ile zahanati. "Inachukua muda," alisema, "na mteja wa mbali hajui tofauti." Nimewahi kudharau watu wengi wasiojua kazi, na dharau hiyo hupita haraka, wanajifunza, au naona haya. Huyu alijua.

Sasa nifike Kigongo.

Kampuni moja ya Ulaya ilituagiza mandhari ya gemu kuhusu dereva wa lori anayemtafuta mdogo wake ng'ambo ya ziwa. Sehemu moja ilikuwa gati, mahali magari yanapopanga foleni kusubiri kivuko. Nilinyoosha mkono kabla Mkuu hajamaliza kusoma. Mimi nimekulia Kigongo. Mama yangu alikuwa na mgahawa mita chache kutoka foleni ilipoanzia, na nimesoma hadi chuo kwa samaki waliokaangwa pale wakati watu wa Geita na Sengerema wakisubiri kuvuka kwenda Busisi. Wakati kazi ile inaingia, nguzo za daraja zilikuwa zimeshasimama kwenye maji, na kila mwenye meza pale alijua kinachokuja. Hakuna anayenunua sato akiwa kwenye basi linalokimbia.

Nikaenda nyumbani na futi ya kupimia. Mama alishika upande mmoja.

"Unapima nini?"

"Dirisha, mama."

"Dirisha linakwenda wapi?"

"Kwenye kompyuta. Watu wa mbali wataliona."

"Basi ngoja kwanza." Akaiachia futi, akaleta kitambaa, akalifuta dirisha vumbi, ndipo akaniruhusu kulipima.

Nilijenga wiki saba. Mgahawa ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya bluu ya mafuta, na mama aliupaka upya kila mwaka. Mlangoni pazia la kudarizi. Meza tatu zenye vitambaa vya plastiki vya maua, na katikati ya kila meza kopo la maziwa ya unga lenye maua ya plastiki, aliyoyaosha kila Jumamosi. Ukutani kioo, kwa sababu madereva walipenda kuchana nywele kabla ya kuvuka. Nje, ardhi iliyofagiwa ikanyunyiziwa maji hadi ikawa ngumu kama sakafu. Nikaweka doa moja kwenye mwimo wa mlango, usawa wa bega, pale ambapo mama aliegemea kila gati lilipofunguliwa kutazama nani anashuka. Hilo nililijifunza kwa Mkuu, na sikuona haya kulitumia.

Nilipomaliza Mkuu alikaa kwenye kiti changu, akachukua padi ya kuchezea, akatembea. Alipita kwenye foleni ya malori, akaingia mgahawani, akazunguka meza. Akasimama mbele ya ule mwimo kwa muda mrefu.

"Ni nzuri sana," alisema. Kisha akaweka padi chini. "Haiuziki."

"Kwa nini, Mkuu?"

"Kabula, huyu mchezaji yuko kwao kwenye baridi. Ametaka kuja Afrika. Wewe unampa maua ya plastiki na kioo. Atadhani amekosea njia."

"Lakini ndivyo palivyo."

"Sijasema sivyo palivyo. Nimesema hataamini. Ichoshe."

Nilikataa. Kwa miaka yote ile sikuwahi kukataa kitu, na nadhani wote wawili tulishangaa. Hakugombana na mimi. Aliniambia nipumzike mwisho wa wiki.

Jumatatu nikawasha kompyuta. Mgahawa wa mama ulikuwa umeezekwa nyasi. Kuta zilikuwa za udongo, zimepasuka. Vitambaa havikuwepo, meza hazikuwepo. Kulikuwa na vyungu vilivyovunjika, fuvu la ng'ombe juu ya mlango, na ngoma. Ngoma kubwa, mlangoni, hakuna anayeipiga. Nyuma yake, ufukweni Kigongo, palisimama minazi saba.

Masanja alikuwa amesimama nyuma yangu. Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Mkuu," niliita. "Hii minazi imetoka wapi?"

"Ilikuwa kwenye kifurushi." Alikuwa amenunua mtandaoni mkusanyiko wa vitu vilivyokwisha kutengenezwa, kijiji kizima cha Kiafrika, bonyeza hapa.

"Kigongo hakuna mnazi hata mmoja."

"Mchezaji hajui."

"Mimi najua."

"Wewe si mchezaji," alisema bila ukali, kama anayenikumbusha jina langu.

"Faili langu la zamani liko wapi?"

"Nimelifuta. Lilikuwa zito."

Nilikuwa nimebakiwa na video fupi kwenye simu, niliyoirekodi ili nimtumie mama. Nikaituma kwa mteja, pamoja na picha halisi za mgahawa, nikaeleza kwa adabu kwamba mahali penyewe ndivyo palivyo. Wakajibu baada ya siku tatu. Walishukuru kwa juhudi zangu. Walikuwa wamelinganisha zote mbili, na wote mezani wamekubaliana kwamba ile ya Mkuu inaaminika zaidi.

Mkuu aliichapisha barua ile, akaifunika plastiki, akaibandika mlangoni chini ya cheo chake. Hakufanya hivyo kunikomoa, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alifurahi tu, kama mtu aliyepata cheti.

Gemu lilipotoka, daraja lilikuwa limefunguliwa. Mama alikuwa amekwisha kuvunja mgahawa na kubeba mbao hadi Misungwi kwa dada yake, ambako alizijengea banda la kuku. Alinipigia simu mara tatu akitaka kuona. "Ile nyumba uliyoipima," alisema, "nataka nione kama ulinitolea vizuri lile dirisha." Nilitoa visingizio hadi vikaisha. Jumapili moja baada ya kanisa nikampelekea kompyuta hukohuko Misungwi, alikohamia.

Alivaa miwani. Alishika padi kwa mikono yote miwili, akiiweka mbali na nguo yake nzuri. Nilimfundisha kutembea, na alitembea vizuri, polepole, akiwapisha watu wa kwenye skrini na kuwaambia samahani. Akafika.

"Hapa ni wapi?"

"Kigongo, mama."

"Kigongo ya nani?"

Akasogea hadi kwenye mlango. Akaona fuvu, akaona ngoma.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Ni mapambo."

"Na hii ndiyo nyumba yangu." Hakuuliza, alisema. Akazunguka ndani, kwenye vyungu vile, kwenye sakafu ile ya mavumbi, akitafuta. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yetu na sahani ya matunda. Mwisho mama akaweka padi mezani, akavua miwani, akaikunja.

"Watu watadhani nilikuwa sifagii," alisema.

Kisha akanishukuru, "Wabeja, mwanangu, umehangaika," akaenda jikoni. Mgahawa wa kweli ulikuwa banda la kuku. Ule wa kwenye kompyuta, nilioujenga mimi, ulikuwa umefutwa. Uliobaki duniani ni huo wenye ngoma, na watu nisiowajua wanaingia na kutoka ndani yake kila siku na kuamini.

Kesho yake nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mkuu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani kutoka Misungwi.

"Mama amecheza gemu," nilisema.

"Enhe! Kaionaje?"

"Amesema watu watadhani alikuwa hafagii."

Alitoa leso, akaanza kufuta kibodi yake, kitufe kimoja baada ya kingine. Alifuta safu nzima. Nilimwona anakumbuka benchi la zahanati. Nina hakika alikumbuka, kwa sababu masikio yake yaliiva. Kama angesema neno moja, lolote, pengine ningebaki kazini.

"Gemu halikutengenezwa kwa ajili ya mama yako," alisema.

Nikachukua kikombe changu na sweta langu, nikashuka ngazi. Masanja alinifuata baada ya miezi miwili. Sasa tuna chumba chetu Buzuruga, tunatengeneza mandhari za mafunzo ya udereva na za shule. Hatuna mkuu. Kazi ni chache, lakini kila ukuta tunaoujenga kuna mtu tumekwenda kumuuliza anaufagiaje.

Nilimwona tena baada ya kama miaka miwili. Binamu yangu alikuwa anaolewa, na kikao cha kamati kilipangwa kwenye hoteli mpya ya ufukweni upande wa Luchelele, ambayo bustani yake ilikuwa haijakamilika. Niliwahi, kama kawaida ya mtu asiye na gari. Viti vilikuwa juani, kwa hiyo nikatafuta jiwe lenye kivuli karibu na maji, nikakaa, nikavua viatu.

"Umekalia siku nne," sauti ikasema.

Nikageuka. Alikuwa amevaa gambuti, suruali imekatwa magotini, saruji mashavuni na kwenye nyusi, mwiko mkononi. Nilimtambua kwa mikono.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Kabula. Siku nne za kazi. Inuka taratibu, upande huo haujakauka vizuri."

Nikainuka. Nikaligonga jiwe kwa kidole, likalia kama debe. Ndani yake mlikuwa na wavu wa kuku na, chini ya wavu, pampu ya maji ambayo wenye hoteli hawakutaka wageni waione. Juu yake mjusi, yule wa kichwa chekundu, alikuwa akiota jua bila wasiwasi wowote.

Nilicheka. Sikujizuia, na sikutaka kujizuia. "Mkuu! Mwanza? Mji huu ukichimba choo unakutana na mwamba, na wewe umekuja kutengeneza mawe?"

"Walitaka jiwe hapa," alisema. "Hapa halikuwepo."

Nikamuuliza kuhusu ofisi. Ilifungwa. Siku hizi, alisema, mteja anaandika sentensi moja tu na kompyuta inamchorea kijiji kizima kabla chai haijapoa.

"Kimechoka?" niliuliza.

"Kimechoka kuliko changu." Alifuta pua kwa kiwiko, akaacha saruji nyingine. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko Misungwi."

"Msalimie."

Nilisubiri. Nilimpa nafasi ya kutosha mtu kusema jambo. Akaendelea kusawazisha kingo za jiwe lake kwa mwiko, na ziwa likaendelea kupiga ufukwe. Ningependa kuandika kwamba nilimsamehe. Badala yake nilifanya kitu kingine: nilianza kulizunguka lile jiwe nikitafuta kosa.

Nililizunguka mara tatu. Alikuwa ameweka kinyesi cha ndege pale ndege angetua. Alikuwa ameweka ukungu wa kijani upande usiopata jua, na usawa wa maji ya mwaka jana, na mpasuko mwembamba wenye nyasi mbili za kweli ndani yake. Pembeni kulikuwa na mawe ya kweli, ya Mungu, na ilinibidi niyaguse kujua lipi ni lipi. Alinifuata nyuma, na nikasikia anavyopumua. Mara ya nne nikapata.

"Huu weusi," nikasema. Ulikuwa mstari mweusi wa maji ya mvua, kama ile inayoteremka kwenye miamba yote ya mji huu. "Umetoka wapi? Hapo juu kuna ukingo. Mvua ikinyesha maji yatamwagikia kule, sio hapa."

Alitazama. Kwa miaka tisa nilikuwa nimemwambia mambo mengi yaliyo kweli, na nilijua sura zote za kukataa kwake, kwa hiyo nilisubiri mojawapo. Aliinama, akachota maji ziwani kwa ndoo, akapanda juu ya tofali, akayamwaga kileleni polepole. Maji yaliteremka hadi kwenye ukingo, yakageuka, yakamwagikia kule nilikosema. Ule mstari mweusi ulibaki mkavu.

Akaweka ndoo chini. Akachukua nyundo na patasi, akaanza kubomoa.

Alibomoa kweli. Vipande vilirukia kwenye nyasi na mjusi akakimbia. Meneja wa hoteli, dada mmoja mwenye simu mbili, alitoka ndani mbio. "Fundi! Fundi, nini tena? Jumamosi kuna harusi hapa!"

Mkuu hakugeuka. "Mwanafunzi wangu kaona kosa," alisema, akapiga tena.

Sikuwahi kuwa mwanafunzi wake. Nilikuwa mfanyakazi wake, tena aliyeondoka kwa hasira, na hata kosa lile nililiona mwenyewe kwa macho yangu mwenyewe, na yeye alikuwa analichukua mbele yangu kama alivyozoea kuchukua. Nilifungua mdomo nimwambie yule dada hivyo. Lakini Mkuu alikuwa amefika kwenye ukingo, akasimamisha patasi, akanitazama kwa macho yaliyojaa vumbi, akisubiri.

"Shuka kidogo," nikamwambia. "Hapo. Hapo hapo."

Akagonga hapo. Niliingia kwenye kikao nimechelewa, miguu mitupu, viatu mkononi.